Bamba la Meli Halijulikani kwa Unene Peke Yake

Ukienda Katwe, hapa Kampala, kununua bamba la chuma, utaulizwa "milimita ngapi?" na mara nyingi mazungumzo ya ubora huishia hapo. Kwa geti au tangi la maji jibu hilo latosha. Kwa kivuko au tishari la kubeba watu na mizigo katika Ziwa Viktoria halitoshi hata kidogo, na inaniuma kuona tunavyoliridhikia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasimamia uchomeleaji katika karakana moja kando ya ziwa. Tulipokata kwa gesi bamba la milimita 8, ukingo wake ulifunguka tabaka mbili kama chapati. Vernia ilikuwa imetuonyesha unene kamili, kumbe ndani mlikuwa na takataka zilizobanwa tangu chuma kilipokuwa kikiviringishwa kiwandani. Tulikata ukanda mwembamba mahali palipoonekana pazima, tukaukunja juu ya chuma cha mviringo, nao ukapasuka kabla ya kufika nusu. Muuzaji hakuwa na cheti chochote cha kiwanda.

Chuma cha kawaida cha meli, cha viwango vya ubora viitwavyo daraja A hadi E, hakiruhusiwi kuanza kupinda kwa kudumu chini ya megapaskali 235 (megapaskali ni kipimo cha nguvu inayolemea eneo fulani la chuma). Hukatika kati ya 400 na 520, na kabla ya kukatika lazima kirefuke angalau asilimia 22. Mimi hiyo asilimia 22 ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu kivuko kikigonga gati au mwamba, bamba linalonyumbuka hubonyea, ilhali lisilonyumbuka hupasuka na kuingiza maji.

Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, iliyoungwa kwa kuchomelewa, ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini huko Portland, Marekani, maji yakiwa shwari. Chuma cha enzi hizo kilipoteza ustahimilivu wake katika baridi, na ufa ulioanzia penye kasoro ya uchomeleaji ulikimbia bila kizuizi. Wapo wanaosema kwamba sisi, ambao maji ya ziwa letu ni vuguvugu mwaka mzima, hayo hayatuhusu. Ni kweli kwamba hatuna haja ya kulipia daraja E, linalojaribiwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini tabaka zilizoachana, salfa iliyozidi ndani ya chuma na kiungo kilichochomelewa vibaya havisubiri baridi.

Siku hizi nasikia pia pendekezo la kutumia chuma chenye nguvu zaidi, AH36 cha megapaskali 355, ili mabamba yawe membamba na chombo kiwe chepesi. Nguvu huongezeka, lakini ukakamavu wa chuma chenyewe haubadiliki: bamba likitoka milimita 8 hadi 6, uwezo wake wa kukataa kupinda hubaki takriban asilimia 42, na kutu ikila milimita moja, bamba jembamba ndilo linaloumia zaidi. Viungo vya kuchomelea navyo huchoka kwa kupigwa na mawimbi, yaani hupata nyufa kidogo kidogo, sawasawa na vya chuma cha kawaida.

Ninachotaka kwa mabamba ya chombo chochote cha abiria ni namba iliyogongwa juu ya kila bamba isomwe sambamba na cheti chake, na ukanda mmoja ukunjwe mbele ya mwenye chombo kabla lori halijaondoka. Kazi hiyo haizidi saa moja.