Rozari shingoni

Mwandishi wa makala moja niliyosoma anawalaumu vijana wa Kampala wanaovaa rozari kama urembo. Mimi Mkatoliki, namwelewa. Punje zile 59 ni za kuhesabia sala. Kuzivaa bila kujua hata sala ya Salamu Maria ni kubeba jembe usilolima nalo.

Lakini tuseme ukweli. Kila Juni 3, sikukuu ya mashahidi Wakristo wa Uganda, pale Namugongo karibu na Kampala walikochomwa mwaka 1886, wachuuzi hutandaza rozari pamoja na miwani na kofia. Nani humwuliza mnunuzi kama amebatizwa? Jirani yangu Mwislamu naye amening'iniza tasbihi kwenye kioo cha teksi yake, ila swala ya alfajiri humpita usingizini (anisamehe, ni rafiki).

Na yule kijana wa bodaboda aliyeniambia msalaba wake unamkinga na ajali, tumwitaje?