Je, lugha za kifanksheni ni lambda iliyopambwa tu?

Wapenzi wa Haskell, mojawapo ya lugha za programu za kifanksheni (zinazojenga programu kwa fanksheni), wana kauli yao: vua lugha ya kifanksheni mapambo yote, kitakachobaki ni kalkulasi ya lambda, mfumo wa hisabati wa kuandika na kutumia fanksheni. Ni kauli yenye ukweli mwingi, ila inaruka historia, na inaruka gharama.

Alonzo Church, mwanamantiki aliyebuni mfumo huo, hakuwa akitafuta lugha ya programu. Miaka ya 1930 huko Princeton alitaka msingi mpya wa mantiki, na mwaka 1935 wanafunzi wake Kleene na Rosser wakaonyesha kwamba mantiki hiyo inajipinga yenyewe. Kilichonusurika ni kipande kidogo: vigeu, kuunda fanksheni, na kuipa fanksheni ingizo. Basi. Mwaka 1936 mwanahisabati Alan Turing alionyesha kwamba kipande hicho hukokotoa yote yanayokokotolewa na mashine zake za kinadharia.

Lugha ya programu ya Lisp ndiyo inayotatiza kauli ile. John McCarthy, aliyeibuni mwishoni mwa miaka ya 1950, alikiri kwamba alimwazima Church alama ya lambda bila kuelewa sehemu iliyobaki ya kitabu chake. Kwa hiyo lugha inayoitwa mama wa lugha za kifanksheni haikuzaliwa na nadharia hii. Iliazima nguo tu.

Hata hivyo, tazama kilichotokea. Chukua fanksheni inayopokea x na kurudisha fanksheni nyingine, ile inayopokea y na kutoa x + y. Ipe 3. Kwa kanuni ya Church, x inabadilishwa papo hapo kuwa 3, na unachopata ni fanksheni ya kuongeza 3, popote utakapoipeleka. Lisp ya mwanzo iliitafuta x pale fanksheni inapoitwa. Ukiiita kwa 2 mahali ambapo x nyingine ni 10, jibu ni 12 badala ya 5. Kosa la aina hii huwezi kuliona kwa kusoma mstari mmoja. Ilipofika 1975, Sussman na Steele wakaunda Scheme, aina mpya ya Lisp, ambamo x hubaki ile ya mahali fanksheni ilipoandikwa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa lambda: aliyeipuuza alilipa.

Upande wa gharama, yaani muda na kumbukumbu ya kompyuta, lambda haisemi kitu. Kwa Church, namba 7 ni fanksheni inayorudia jambo mara 7, na kupunguza 1 kwa njia ya Kleene hudai hatua zinazoongezeka kadiri namba inavyokua. Hakuna kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta) ya kazi inayohifadhi namba hivyo. Nadharia inaruhusu pia kukokotoa ingizo mapema au kusubiri lihitajike. ML, lugha nyingine ya kifanksheni, ikachagua la kwanza, Haskell la pili, na tofauti yake kwenye kumbukumbu unaijua ukishaona programu ya Haskell ikivimba. Mwanasayansi wa kompyuta John Backus naye, mwaka 1978, alipendekeza mtindo wa kifanksheni usio na vigeu kabisa, bila lambda.

Na Java? Lugha hiyo ya programu ilipopokea lambda, yaani fanksheni zisizo na jina, mwaka 2014, ilikataza lambda kutumia kigeu cha ndani cha metodi kinachobadilishwa thamani. Waandishi wengi huona ni usumbufu. Lakini kwa sharti hilo thamani hubaki ile ile popote lambda inapopelekwa, na hivyo lugha ambayo hakuna anayeiita ya kifanksheni inamfuata Church kwa karibu kuliko Lisp ya McCarthy.