Mteja Mpya wa Kila Mwaka

Jamani, mwenzenu huku Houston naposwa. Kila wiki posa mbili: moja ya kampuni ya kebo, moja ya kampuni ya simu. Barua zinakuja kwenye bahasha nene kama mwaliko wa harusi ya tajiri, na jina langu hawajakosea hata herufi moja, jambo ambalo kazini kwangu limewashinda miaka yote. "Wewe ni mtu maalumu kwetu." Nilikokulia, mtu akikuita maalumu ujue anataka kukukopa.

Hawa hawataki mkopo, wanataka nyumba nzima. Televisheni, intaneti na simu ya mezani, vyote kifurushi kimoja, bili moja, dola 99 kwa mwezi. Zamani kila mmoja alikuwa na shamba lake, wa kebo analeta picha, wa simu analeta sauti, na mpaka hauvukwi. Mwaka 1996 Bill Clinton akatia saini sheria mpya ya mawasiliano, mpaka ukang'olewa. Mwaka 2005 kampuni ya simu ya Verizon wakaanza kuuza televisheni kwa waya wa faiba pale Keller, humuhumu Texas. Wenye kebo nao hawakulala, wakaipitisha simu kwenye waya uleule wa televisheni. Sisi tukaambiwa tutulie, wakishindana bei itashuka. Na imeshuka kweli, sikatai. Imeshuka kwa mteja mpya.

Ukishaingia ndani, wewe si mpya tena, wewe ni mke wa miaka ishirini. Chini kabisa ya ile barua, kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa, wameandika kuwa bei ni ya miezi 12. Mwezi wa 13 nikafungua bili nikakuta dola 171. Nikasoma mstari kwa mstari kama wosia. Kodi ya king'amuzi. Kodi ya king'amuzi cha chumbani. Ada ya stesheni za hewani, zile ambazo ningeweka antena dirishani ningezipata bure. Ada ya michezo ya mkoa. Mimi ni Simba damu, michezo ya mkoa gani tena?

Nikapiga simu. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki. Nikakaanga samaki, nikala, nikaosha sufuria, muziki upo. Alipopokea binti nikamwambia, "Nitolee simu ya mezani, siitumii, bili ipungue."

"Tukiitoa, bwana, bili itapanda kwa dola 12."

"Nikichukua kidogo nalipa zaidi?"

"Ndiyo, bwana. Punguzo la kifurushi linaondoka."

Basi simu ya mezani ninayo. Iko chini ya kochi, namba yake siijui hata mimi. Anayeijua ni kampuni pinzani peke yake, ndiyo inayonipigia.

Nikasema nahama. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, maana wana kitengo maalumu cha kubembeleza wanaohama. Nikapewa dada mwenye sauti ya tende na halua, akaniuliza tumekukosea nini, nikajiona mwali aliyefungasha virago kurudi kwao. Akanipunguzia dola 10 kwa miezi sita, na chaneli tatu za sinema juu. Na kama bado natoka, akasema kwa sauti ileile ya halua, nilipe ada ya kuvunja mkataba.

Jirani yangu Mkongo ndiye aliyenifumbua macho. "Kaka, hapa ni majina tu." Mwaka huu jina langu, kwa watu wa kebo. Mkataba ukiisha, jina la mke wangu, kwa watu wa simu. Ukiisha huo, narudi mimi, mpya kama mtoto wa juzi, nyumba ileile, kochi lilelile.

Shida ni fundi. Kila tukihama lazima aje, na anakwambia atafika kati ya saa mbili na saa sita. Unaomba ruhusa kazini, unakaa dirishani kama anayesubiri pete. Saa sita na dakika tano unaingia msalani, ukitoka unakuta kikaratasi mlangoni: tulikuja, hatukukukuta. Akipatikana anatoboa ukuta. Waya wa aliyetangulia hataki hata kuugusa, utadhani una hirizi. Ukuta wangu sasa ni chujio la nazi.

Na faida ya yote haya? Chaneli zaidi ya 200. Mke wangu anaangalia tamthilia za Bongo kwenye simu ya mkononi. Watoto wana tableti. Nabaki mimi na rimoti nne, namwangalia mzungu anavua samaki mkubwa, anampiga busu, anamrudisha majini. Mtu wa Mwanza angeweka matanga.

Mwezi huu mkataba unaisha, nikawa napiga hesabu zangu kimyakimya. Jana narudi kazini nakuta kochi limesogezwa. Mama mkwe, aliyekuja majuzi kutoka Tanga, kakaa kitako na ile simu sikioni, anacheka.

"Shikamoo mama. Unaongea na nani?"

Akaziba simu kwa kiganja. "Marahaba baba. Kijana mmoja, ana adabu huyo! Kaniuliza jina, nimempa langu na la marehemu babu yangu."

"Anataka nini?"

"Wajua baba, Kizungu chenyewe sikijui. Mie namwitikia yes."

"Mara ngapi, mama?"

"Kila akinyamaza."

Nikamnyang'anya simu. Imeshakatwa.

"Mwishoni kasema nini?"

Mama mkwe akafikiri. "Kataja setadei. Setadei, setadei, kama mara tatu hivi."

Nikawasha taa, nikaenda kuutazama ukuta, kama bado kuna mahali pa kutoboa.