Kwetu mbishi habishi peke yake

Miaka tisa sasa niko huku Massachusetts nabeba boksi kwenye nyumba ya kulea wazee, na neno la kizungu ninalolisikia kazini kuliko yote, ukitoa ovataimu, ni stubborn, yaani mbishi, mkaidi. Mzee wa chumba cha pili stubborn, bibi wa kule mwisho stubborn. Hata binti yangu wa darasa la pili, mwalimu wake kaniambia ni stubborn huku anacheka, na mi nshainamisha kichwa niombe radhi maana kwetu Tanga ukiitwa shule ukaambiwa mtoto wako mkaidi ujue mmeumbuka ukoo mzima. Kumbe mwenzangu anamsifia!

Basi nikaanza kulifukuzia hili neno. Ni la zamani, mwishoni mwa karne ya 14 Chaucer kamfanya mwanamke mmoja kwenye hadithi zake ajigambe kwamba yeye alikuwa stubborn kama simba jike. Lilikotoka hata kamusi zao hazina uhakika, ila wapo wanaolihusisha na stub, yaani kisiki. Hapo nilicheka peke yangu kwenye basi. Si ndo kisiki cha mpingo kile kile tunachomwita mtu mbishi kwetu? Hakuna aliyemuibia mwenzie, ila mkulima wa Handeni na mkulima wa kizungu wote walishavunja jembe kwenye kitu kimoja.

Halafu huku wanasema stubborn kama mule, yule mtoto wa punda dume na farasi jike. Sasa kamusi za kiswahili mule ni nyumbu, mwambie mtanzania "mbishi kama nyumbu" uone atakavyokushangaa, maana nyumbu anayemjua yeye ni wa Serengeti, mmoja akijitosa mto Mara na wenzie wote wanajitosa na mamba wamekaa wanawangoja. Siku hizi ukimwita mtu nyumbu unamaanisha anafuata mkumbo. Jina moja, tabia mbili zilizogeukiana mgongo.

Lakini msidhani wazungu wa huku wamezaliwa wakiupenda ubishi. Jimbo hili hili ninaloishi, mwaka 1646 lilipitisha sheria kwamba mtoto wa kiume wa kuanzia miaka 16 akiwa stubborn, hasikii la baba wala la mama, wazazi wanaweza kumpeleka mahakamani na adhabu yake ni kifo. Wameitoa kwenye Kumbukumbu la Torati sura ya 21. Haijulikani hata mmoja aliyenyongwa kwa hiyo sheria, na baadae waliilegeza, ila kosa la kuwa mtoto stubborn lilibaki kwenye vitabu mpaka 1973. 1973 jamani! Kwa hiyo hawa wazee ninaowaogesha wamekulia chini ya hiyo sheria, halafu leo ndo vichwa ngumu kuliko wote.

Na leo ukaidi wao ni haki. Mzee wangu mmoja vidonge vya presha havitaki. Siku ya kwanza nikambembeleza, nesi akaniita pembeni: akili zake timamu, kakataa, we andika kakataa, nenda chumba kingine. Nikaandika. Kesho yake nikaandika tena. Mtoto wake akipiga simu anaambiwa kakataa, anasema sawa.

Nikamkumbuka bibi yangu, nae alikataa dawa za presha. Ilikuwa ni kikao! Mama mdogo analia, mjomba kafoka mpaka sauti imekauka, jirani kaja na uji na "mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi", saa saba mchana akaletwa mpaka shehe wa mtaa. Bibi kajifunika kanga kageukia ukutani. Kuja alasiri akanyoosha mkono, "nipeni hayo madawa yenu mniache nilale."

Najua mtasema ile ni kumwonea mtu, na kweli kwetu tunazidisha, mtoto anachapwa viboko kwa kuuliza "kwa nini" halafu akikua tunashangaa hawezi kumwambia bosi hapana. Hilo wazungu wametushinda na binti yangu namwacha abishe. Ila ubishi wa nyumbani una watu ndani yake, mtu anakubishia kwa sababu hajakukatia tamaa. Huku unapewa haki yako, unafungiwa mlango taratibu.

Juzi zamu ilikuwa nyepesi nikavuta kiti kwa yule mzee nikambishia kama mtu wa Tanga, nikamwambia hiyo timu yake ya besiboli ni ya hovyo, mi hata sheria za besiboli sizijui. Alinijia juu dakika arobaini, mashavu mekundu, ananichorea uwanja kwenye tishu. Vidonge hakumeza. Ila aliniuliza kesho naingia saa ngapi.