Mchwa wameniachia vanishi

Basi bana, mi kosa langu lilianza na picha. 2023 nshamaliza kajumba kangu ka tofali huku Ihumwa, jioni nikawa napekua kwenye simu nyumba za magogo za Finland, theluji juu, moshi unatoka, nkajiona kabisa niko pale mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Theluji Dodoma hakuna, ila magogo si yanapatikana? Nkapiga simu Mafinga, ikaja fuso ya milingoti, nijenge kabanda kangu ka magogo hapo nyumbani.

Fundi akauliza bosi tubandue magome? Nkamwambia weee, hayo ndo urembo wenyewe. Akafurahi, kazi imepungua na bei ni ileile. Nguzo tukazichimbia kwenye udongo hivyohivyo, hakuna jiwe hakuna zege, juu vanishi mikono mitatu, banda likang'aa kama kiatu cha mwanajeshi siku ya gwaride.

Jirani yangu mzee wa Kigogo, mtu aliyezaliwa kwenye tembe, akaja na fimbo yake. "Mbukwenyi!" Akazunguka kimya, akagonga gogo la kona, akaniangalia kwa huruma. "Mjukuu wangu, wageni wako umewapikia vizuri." Wageni gani tena babu? Akaonyesha chini kwa fimbo. Akasema bandua magome, chini yake unyevu unakaa na wadudu wanajificha, halafu inua magogo juu ya mawe yasiguse udongo. Nkamjibu babu, hii vanishi ya kisasa. Akasema "haya", akaenda zake. Ile haya yake mpaka leo naisikia.

Na mi nilijipa moyo kwamba Dodoma kukavu, mbao itaozea wapi. Ila mke wangu kapanda maua kuzunguka banda lote, na kila jioni mi na mpira wa maji, maua yanakunywa, magogo yanakunywa. Miezi ikapita nkaanza kuona vijimstari vya udongo vinapanda ukutani, nkadhani matope yanarukia nikimwagilia, nikawa nayaosha na mpira huohuo! Kumbe ndo barabara zao, mchwa hataki jua wala ukavu, anajijengea njia ya udongo apite gizani. Yani mi asubuhi nabomoa barabara, jioni napeleka maji saiti, kesho nakuta wameshajenga upya.

Desemba 2024 shemeji akaja kutoka Dar na familia yake. Nikawapeleka kwenye banda, nimesimama mlangoni naelezea Finland kama nimewahi kufika, nikaegemea nguzo kwa mbwembwe.

Mkono ukazama. Mpaka kwenye kiwiko! Ndani gogo hakuna, kuna udongo na mchwa, nje magome na vanishi yangu mikono mitatu, haijaguswa, inang'aa vilevile. Shemeji akauliza kwa upole kabisa, "Hapo ndo mnapohifadhia funguo?" Na kuutoa mkono naogopa maana nguzo ndo imebeba kenchi, nikivuta kidogo paa linalia kwiii, basi nikabaki pale kama nimepeana mkono na nyumba, mchwa wanapanda kwapani, mke wangu amekaa chini anacheka machozi yanamtoka. Walinitoa baada ya kuegesha ngazi na meza ya kulia chakula.

Fundi nilipomwita akaja na maelezo matamu, eti dawa ya kupaka na brashi inaishia juujuu, magogo ya kuchimbia ardhini yanatiwa dawa kwa presha kiwandani kama zile nguzo za umeme. Sasa mbona hukusema siku ile? "Bosi ulisema unataka urembo."

Wiki hiyohiyo ikapiga mvua ya kwanza. Usiku kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye nyufa chini ya ukuta wa banda, wengi hatari, watoto wa mtaa mzima wakaja na tochi na mabeseni ya maji, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Asubuhi mjukuu wa yule mzee kaniletea sahani imefunikwa, kumbikumbi wamekaangwa vizuri na chumvi, babu kasema asante.

Nimekula wote. Kwa hesabu zangu nimerudisha kama nusu gogo.