Semina hazijazi mtungi

Nimesoma makala moja, mwandishi anasema wakulima hawageuzi taka za shambani kuwa mali, yaani gesi na mbolea, kwa sababu hawana elimu, mi nakataa kabisa. Huku kwetu Hai, Kilimanjaro, kila mwenye ng'ombe anajua samadi inatoa gesi, tangu CAMARTEC, kile kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, walipoanza na ule mradi wa biogesi majumbani 2009 watu wameshasikia mpaka wamechoka. Shida sio kujua jamani, shida ni hela ya kuanzia na fundi!! Jirani yangu alijenga mtambo, mwaka wa pili likapasuka kuba, lile paa la duara linaloshika gesi, ikawa inavuja, fundi simu hapokei, basi leo wanafugia bata pale. Nani atajenga tena akiona hivyo?

Kilichotusukuma sisi ni bei. 2022 mbolea ya dukani ilipanda ikapita laki moja mfuko wa kilo 50 kabla ya ruzuku, hapo ndo mama akaanza kuchota lile tope la samadi linalotoka kwenye mtambo wetu akamwaga kwenye migomba, we ndizi zile ungeziona 😂 watu waliokuwa wanatucheka wakaanza kuja na ndoo usiku usiku kuomba. Hakuna aliyewaitia semina.

Na mkonge huko Tanga ni hivyohivyo, nyuzi ni sehemu ndogo sana ya jani, zaidi ya asilimia 90 inabaki mabaki, nayo yanaweza kutoa gesi ya kupikia au kuzalisha umeme, sasa kama hakuna anayenunua hiyo gesi au umeme mwenye shamba aanzie wapi? Wekeni mkopo nafuu na fundi wa kata mwenye kupokea simu, hayo mengine tutayafanya wenyewe.