Msasa Umekula Taji

Jumamosi iliyopita niliitwa Isevya, hapa Tabora, kutazama "gobore la Mirambo". Mwenyeji wangu, mtu mzima mwenye duka na heshima zake, alikuwa amelitundika sebuleni juu ya runinga, linang'aa kama sufuria ya harusi, na harufu ya vanishi ilinipokea tangu mlangoni. "Mwalimu, hilo limepigana vita," aliniambia kwa fahari. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamekwisha kufika pale ulipopita msasa, na hasira iliyonipanda ndiyo inayoandika makala haya.

Tuelewane kwanza kwamba katika mkoa wetu kila gobore ni la Mirambo. Sijapata kuonyeshwa la mpagazi, wala la mwindaji wa tembo, wala la mtu aliyeikimbia vita akarudi kulima mihogo yake. Mtemi yule wa Unyamwezi, aliyefariki Desemba 1884, angekuwa na bunduki zote zinazouzwa leo kwa jina lake, asingekuwa na haja ya kupigana na Waarabu wa Unyanyembe mwaka 1871. Angewanunua wote pamoja na tembe zao.

Bunduki kweli zilikuwa nyingi. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kupitia pwani yetu. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha kama mtu abadilishavyo shati: Waingereza waliigeuza Enfield ya 1853 kuwa Snider, kisha wakaiweka kando Snider walipopata Martini-Henry ya 1871, Wafaransa waliipokea Gras ya 1874, na miaka 12 baadaye wakaiona ya kizamani mbele ya Lebel. Kilichotoka mikononi mwa askari kule kilitafutiwa mnunuzi, na mwenye pembe za ndovu alikuwa huku. Mafundi wa Liège kule Ubelgiji na Birmingham kule Uingereza nao waliunda bunduki za bei nafuu zenye umbo la kijeshi, mahususi kwa biashara hiyo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipokuja kuzuia silaha za kisasa zisiuzwe kwa watu wetu, uliacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume, zile za kuwashwa kwa jiwe, zenye mtutu laini ndani, na mikononi mwa wazee wetu mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, ukaendelea na kazi yake.

Basi katika wingi huo, utajuaje hii ni ipi? Kwa chapa. Bunduki ya Kiingereza inaweza kuwa na taji la mfalme ubavuni mwa mtambo, neno "TOWER", na pengine mwaka. Ya Liège ina chapa ya kuonyesha kwamba imepimwa, kiduara chembamba cha umbo la yai, ndani yake herufi E, L na G pamoja na kinyota. Chapa hiyo ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na mwaka 1893 iliongezewa taji juu yake. Hapo ndipo penye kisa chote. Lile la Isevya, nilipoliinamisha dirishani, nilikiona kile kiduara karibu na mwisho wa mtutu, kimefifia lakini kinasomeka. Juu yake, mahali ambapo taji lingekaa kama lingekuwapo, chuma kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Kama taji lilikuwapo, bunduki hiyo ilipimwa Liège wakati Mirambo amekwisha lala kaburini karibu miaka tisa, na hata Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake hapa Tabora mnamo Januari 1893, alikuwa ameshaondoka. Kama halikuwapo, basi madai ya ndugu yangu angalau yanawezekana. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye chuma, limevumilia mvua, moshi wa jikoni na mchwa kwa zaidi ya karne moja, kisha likafutwa kwa asubuhi moja na kipande cha msasa cha bei ya maandazi, na aliyelifuta ni yuleyule anayetaka kuambiwa kwamba bunduki yake ni ya kale!

Tako nalo lilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa gundi ya mbao. Nilimuuliza kama ulikuwa umefungwa kwa kitu chochote. "Kulikuwa na manyaya ya shaba, nikayabandua, yalikuwa yanachafua," alijibu. Yanachafua! Nyaya hizo zilikuwa kazi ya fundi wa kwetu, aliyeketi na koleo akamrudishia mtu bunduki yake, na huenda zilikuwa sehemu pekee ya kitu hicho iliyotengenezwa Unyamwezi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba asingelinunua, pengine lingekatwa likawa bomba. Nakubali pia kwamba polisi wana haki ya kuuliza kibali, kwa sababu gobore bado linaua, na lile la juzi lililoundwa kwa bomba la usukani linaua vilevile. Kuliita pambo hakumpi mtu kibali, nami nilimwambia hivyo.

Kinachonikera zaidi kuliko msasa ni kwamba hajui lilitoka kijiji gani. Dalali alimwambia Urambo. Nilipompigia mimi, nikijifanya mnunuzi mwenye ukoo Sikonge, dalali huyohuyo alinihakikishia kwamba mali yake yote inatoka Sikonge. Mahali fulani kuna mzee aliyeuza bunduki ya babu yake kwa bei ya mbuzi, naye anajua ilipatikana kwa pembe ngapi, ilikwenda na msafara gani, na tako lilipasukia wapi. Hakuna aliyemuuliza, na anazidi kuzeeka. Mkusanyaji asiyemuuliza mzee huyo amekusanya chuma tu, hata akijenga ukuta mzima.

Wakati wa kuaga niliuliza nyaya zimetupwa wapi. Mwenyeji wangu aliwaza kidogo, akaenda stoo, akarudi na kopo la rangi. Zilikuwamo humo, chini ya misumari na brashi iliyokauka, bado zimejikunja kufuata unene wa tako. Nilimwomba, akanipa huku akicheka. Ziko mezani kwangu ninapoandika. Nimezihesabu mizunguko 17, na mwishoni fundi amezipinda ncha ndani ili zisimchome mshikaji.